Weusi Uliochukua Namba

Alhamisi asubuhi mkunga alikuwa amenyoosha mikono kuitoa sare yake juu ya kabati, na mumewe, fundi rangi, akamwekea kadi ya rangi kwapani. Ilikuwa kadi ile ile anayowaonyesha wateja, yenye vipande sitini, kila kimoja na namba yake.

"Mkono ni kumi na nne," alisema. "Hapa ni ishirini na tisa. Mapajani kwa ndani ni thelathini na moja kabisa."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, mtu angejua pa kumshika.

Siku hiyo kliniki, mkunga aliwaambia wanawake kumi na tisa yale anayowaambia wanawake kila siku: kwapa, kinena na mapaja kwa ndani huwa meusi kuliko mwili mwingine, ngozi husuguana, mimba huongeza, umri nao huongeza, si uchafu wala si ugonjwa. "Ni kawaida, mama. Vaa." Halafu akatoka kazini, akapita duka la vipodozi, akanunua kopo la krimu ya kung'arisha ngozi. Mganga hajigangi, tunajua, lakini huyu hata cheti alikuwa nacho ukutani.

Alijisugua na kujipaka siku tatu. Siku ya nne, bafuni, weusi ulishuka. Haukubambuka, ulishuka tu, kama mtu anayeshuka kitandani, ukaokota sabuni iliyoanguka, ukairudisha kwenye kisahani, ukaketi ukingoni mwa ndoo.

"Nimekukosea nini?" uliuliza.

"Nimechelewa kazini," mkunga alisema. "Tutaongea."

Kufikia saa nne alikuwa anatembea amepanua miguu, kama mtoto aliyejikojolea. Sare ilimla makwapa. Mapaja yaliwaka kila hatua, kwa sababu ngozi iliyobaki pale ilikuwa ya juzi, haijawahi kufanya kazi yoyote, na weusi ulikuwa zamu tangu alipovunja ungo. Kutoka kliniki hadi chumba cha kuzalishia ni hatua sitini. Mtoto mmoja alifika duniani kabla yake.

Matroni alimwita pembeni. "Dada, mwingine akizaliwa hujafika, nakuhamishia stoo ya mashuka."

Mkunga hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda. Alirudi mezani kwake macho yamejaa machozi.

Weusi ulikuwa umeshafika. Ulichukua namba saba, ukaketi benchini kati ya wajawazito. Mmoja aliusogezea nafasi, akataka kujua una miezi mingapi.

"Sina mimba. Nimefukuzwa."

"Pole," alisema yule mjamzito. "Wanaume hawa."

Namba saba iliitwa.

"Shida nini?" mkunga aliuliza, kalamu mkononi.

"Yale maneno unayowaambia hawa," weusi ulisema, "nimeyasikia miaka kumi na miwili, nikiwa ndani ya sare. Unayasema vizuri sana. Nyumbani mbona huyasemi?"

Mkunga aliitazama foleni iliyokuwa nje. Alivuta pazia, akauvaa: makwapa kwanza, kisha kinena, mapaja mwisho. Ulimkaa sawasawa. Aliona haya, akaona na hasira, asijue aanze na ipi. Alasiri hiyo alizalisha watoto wawili, na wote aliwawahi.

Jioni fundi rangi aliuona mkunga alipokuwa akibadilisha nguo.

"Umerudi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona unyevu kwenye ukuta aliokwisha kuupaka.

"Ni kawaida," mkunga alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo ndani ya nyumba ile. "Ni ngozi inayofanya kazi. Watu wote wanao."

"Kwa wagonjwa wako, sawa."

Mumewe alikuwa akivua shati, mikono juu, na makwapa yake yalikuwa meusi kama kitako cha sufuria. Mkunga aliyanyooshea kidole.

"Na haya?"

"Haya ni ya kazi," fundi rangi alijibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni. Mbele yake alisimama mwanamke ambaye hakuwa ameketi tangu mchana. Fundi rangi akavuta kiti, akajipakulia chakula, akauliza kama lile duka lina krimu kali zaidi.

Weusi ulisikia. Ulijishikiza vizuri tu, maana kesho yake zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi.