Kupuliza Mbele ya Mama Mkwe

"Puliza, Yeshi. Kwa nguvu," nilimwambia, na sauti yangu ilishaanza kupanda.

Yeshimebet akashusha mtandio kidogo tu, akaweka mrija mdomoni, akapuliza kama mtu anayepooza uji wa mtoto. Mashine ya kupima pumzi ikachora kilima kifupi, mstari ukalala. Kwa kipimo kile, mwanamke huyu kijana alikuwa na mapafu ya kikongwe.

Uongo mtupu. Pafu la kushoto ndilo lililoharibiwa na kifua kikuu cha zamani, likawa linamkohoza damu; lilitakiwa kuondolewa. La kulia lilikuwa zima, na ngazi za hospitali alizipanda bila kutweta. Lakini Dokta Mekbib, mpasuaji wa vifua, hamgusi mgonjwa bila kipimo kizuri. Huku Debre Birhan anakuja kwa nadra kutoka Addis Ababa, na adhuhuri ile alikuwa anafunga orodha yake ya wa kupasuliwa. Damu ilikuwa imetulia. Ikirudi kabla Mekbib hajarudi, sikutaka hata kuwaza.

Mekbib akachungulia mlangoni. "Vipi, Hirut?"

"Bado."

"Sina siku nzima, dada."

"Na mimi hapa niko harusini?"

Akaenda zake. Umeme ulikatika tangu alfajiri na betri ya mashine ilikuwa inakwisha. Nilienda kusomea mapafu, nikarudi daktari wa mapafu peke yangu mji mzima, na chombo kimoja. Nilitamani kupiga teke kitu.

"Tena, Yeshi."

Kabla ya kupuliza akatupa jicho ukutani. Hapo nikaelewa, nikajiona mjinga. Kwenye benchi la hapo ukutani alikaa Wubalem, mama mkwe wake. Kwetu mke wa mwana hapazi sauti mbele ya mama mkwe, wala hacheki meno nje. Nami nilikuwa namtaka atumbue macho na kuhema kama ng'ombe mbele yake.

"Mama, naomba utupishe kidogo. Anakuonea haya."

"Nimpishe aanguke, nani amdake? Yeshi, unanionea haya?"

"Hapana, mama," Yeshi akanong'ona, mtandio mdomoni.

"Si umesikia, Dokta?"

Uvumilivu ukaniishia. "Mama, asipopuliza vizuri hapasuliwi. Asipopasuliwa, utamzika. Ndiyo hali yenyewe."

Wubalem akasimama, akajifunga mtandio kiunoni kama anakwenda kuoka mikate ya injera. "Lete hicho kidude."

Nikambadilishia mrija.

"Yeshi mwanangu, unaikumbuka siku ulipoletwa kwangu, kuni mbichi, wageni wameshakaa? Si nilipuliza moto mpaka kilemba kikaangukia kwenye majivu? Walicheka. Nilikufa?"

Akapuliza, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Kikohozi kikamkunja, akashika meza. Yeshi akacheka kwa sauti, mdomo wazi, bila mtandio.

"Cheka tu. Sasa nishinde."

Yeshi akavuta pumzi, akapuliza. Mstari ukapanda. "Endelea, endelea, usiache," tukapayuka pamoja, mimi na Wubalem. Akarudia, ukapanda vilevile. Nikamwita Mekbib kwa jina tupu, kama namwita mdogo wangu.

Akakitazama kioo cha mashine. "Huyu namchukua. Kesho, wa kwanza."

Muuguzi akaondoka na Yeshi kwenda kutolewa damu ya vipimo. Nilikuwa na furaha ya kutaka kulia. Wubalem alikuwa bado ameshika meza, anatweta kwa ule mpulizo mmoja.

Nikarudi kwenye mashine. Mchoro wake ulikuwa pale, juu ya ile ya mkwewe. Kilima kifupi, mstari umelala. Na yeye alikuwa amepuliza kwa nguvu zake zote.

"Mama, nani anapika nyumbani?"

"Nani mwingine? Tangu huyu aanze kukohoa, simruhusu kusogelea moshi wa kuni." Akajifuta midomo, akatabasamu. "Kidude kinasemaje? Kanishinda?"

"Kakushinda, mama," nikasema, nikamvutia kiti karibu yangu. "Kaa. Usiende popote."