Mguu wa Nne

Shemeji aliingia karakanani kwangu ameziba pua kwa leso. "Fundi, zima hilo jenereta! Moshi huu unaua dunia."

Nikalizima. Nikavua miwani ya kuchomelea, nikakalia ndoo, nikakunja mikono.

"Mbona na kazi imesimama?"

"Shemeji, hii ndiyo stendi ya paneli zako za sola. Umebaki mguu mmoja. Umeme umekatika tangu asubuhi. Ukinipa jua la kuchomelea chuma, nalipokea kwa mikono miwili."

Akatazama juu: mawingu matupu. Akaitazama stendi yake ya miguu mitatu, imeegemea ukuta kama mlevi.

Akatia leso mfukoni, akashika kamba ya jenereta mwenyewe, akavuta. Mara ya tatu likakohoa moshi, naye akakohoa nalo.