Dirisha la Mama

"Bibi Cui, sogea hapo, nyundo haina macho," alisema Meng, msimamizi wa ukarabati.

Cui Lianxiu hakusogea. Sindano ilikuwa bado mkononi, nyuzi za pamba zimemganda nyweleni. Maisha yake yote alishona mifarishi katika chumba hiki cha ghorofani, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Sasa jumba lilikuwa linarudishiwa sura yake ya zamani, wageni wapate kuja kulitazama, na wapangaji walitakiwa kuhama.

"Nahama," alisema. "Lakini dirisha hilo liacheni lilivyo."

Lilikuwa limepigiliwa mbao, nyufa zote zimezibwa kwa pamba.

"Kwenye picha ya zamani liko wazi, bibi. Lazima tulifungue."

Jirani yake, mzee Dong, akapaza sauti kutoka uani. "Fungueni! Baba yangu alikuwa akipita hapo chini mpaka shingo inampinda kwa kuangalia juu. Akifika nyumbani, mama anamlaki na mwiko!"

Mafundi wakaangua kicheko. Hata Meng alitabasamu. "Kumbe ni kweli, wale warembo wa danguro walikaa humu? Wageni wanazipenda sana hadithi hizo."

"Mmoja wao alikuwa mama yangu."

Kicheko kilikatika. Lianxiu hakuwahi kuyatamka maneno hayo. Hata marehemu mumewe alijua mama mkwe alikuwa mshonaji tu.

"Mjomba wake alimuuza mwaka wa njaa. Kila jioni anapakwa rangi, anakalishwa hapo dirishani, anaambiwa acheke. Danguro lilipofungwa, wenzake wakaenda makwao. Yeye hakuwa na kwao. Akabaki humu, akaomba misumari. Mpaka anakufa hakutaka tena kuonwa na mtu wa njiani."

"Dada Cui," mzee Dong alisema kutoka uani, "mimi sikujua."

Meng alijikuna shingo. "Mchoro umeshapitishwa, bibi. Mimi natumwa tu."

Lianxiu alimtazama, kisha akanyoosha mkono. "Basi nipe hiyo nyundo."

Aling'oa msumari mmoja mmoja, taratibu. Pamba iliyooza ikamwagikia miguuni. Ubao wa mwisho ulipotoka, mwanga ulimpiga usoni akafumba macho.

Chini, kundi la wageni lilikuwa limesimama. Mwanamume mwenye kofia ya njano aliinua simu, akapunga mkono huku akicheka. "Mrembo! Tazama huku!"

Lianxiu alifumbua macho. Hakupunga mkono, wala hakurudi nyuma. Alisimama pale akimtazama, hadi mkono wa yule mtu ukashuka wenyewe.