Sura ya Shangazi

Ofisini walimwita Mchongaji, ingawa hajawahi kushika patasi. Kazi yake ilikuwa kuunda kwa kompyuta watu wanaoonekana ndani ya michezo ya video: askari, wauza maji, vikongwe wa njiani. Mchezo mmoja ulihitaji mkunga, naye hakuhangaika kutafuta mfano. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alikuwa mkunga mstaafu, mwenye uso ambao ukiuona tu maumivu yanapungua. Jumapili moja alimkalisha karibu na dirisha akampiga picha arobaini, kila upande. Kovu la kidevuni hakuliacha, wala kope ya kushoto iliyolegea.

Mchezo ulipotoka, wachezaji walimpenda mkunga yule. Kisha asubuhi moja mwenzake wa meza ya jirani akamwita kwa sauti ya chini aje aone kitu.

Mtu asiyejulikana ila kwa jina la utani, Kinyonga, alikuwa amefungua mafaili ya mchezo, akanyofoa kichwa cha mkunga, akakibandika kwenye mwili wa msichana asiye na nguo. Kazi hiyo akaisambaza bure mtandaoni kama modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji hujitengenezea na kuzipachika ndani ya mchezo. Mkunga alikuwa akikata viuno. Ukibonyeza kitufe unamtemea mate, naye anacheka na kuomba tena. Watu elfu kumi na tisa walikuwa wameshaipakua.

Mchongaji aliikazia macho ile kope iliyolegea. Mate yalimjaa kinywani, yale ya chumvi yanayotangulia matapishi. Alikimbilia chooni, akatapika chai yote, akanawa mikono mara tatu. Bado aliiona kama ina utando.

Mwanasheria wa kampuni alimpokea huku akimenya karanga juu ya nyaraka. Alimweleza kwamba mtu akichezea nakala yake nyumbani, nani atamjua? Ila kunyofoa kitu cha kampuni na kukisambaza bila ruhusa ni kuvunja hakimiliki, halina mjadala. Mchongaji akashusha pumzi. Lakini mwenye haki ya kulalamika, mwanasheria akaendelea, ni kampuni. Yeye alichonga akiwa mwajiriwa, kwa hiyo hata unywele mmoja wa mkunga si wake. Na kampuni haikusudii kulalamika, kwa sababu watengeneza modi ndio wanaoufanya mchezo uendelee kuzungumzwa. Ukimgusa mmoja, wanakuvamia kama nyuki.

"Usilitie moyoni," alisema, akilamba kidole. "Ile ni sura tu."

"Ni shangazi yangu."

Mwanasheria aliacha kutafuna. Akauliza kama huyo shangazi aliwahi kutia saini karatasi ya ridhaa. Mchongaji akasema hapana. Yule bwana akafuta vidole, akafunga mlango, akamwambia kwa upole kwamba basi wayamalize humu ndani. Mama wa umri ule hachezi michezo ya video. Hatajua kamwe.

Upole huo ulimkinaisha Mchongaji kuliko hata ile modi. Alitoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake.

Alimkuta anapanga mashuka kabatini. Alimwamkia, akamweleza yote akiwa ameinamisha kichwa. Shangazi akataka kuona. Mchongaji akakataa, lakini mkono ulibaki umenyooshwa mbele yake mpaka akaitoa simu. Shangazi alitazama hadi mwisho, hakupepesa. Alisema uchafu wote unaotoka mwilini mwa binadamu ameushika kwa mikono yake na kuuosha, ila huu hajui unaoshwa na nini.

Kisha akaketi.

"Tuanze na wewe," alisema. "Siku ile uliniambia nikae dirishani. Uliniambia sura yangu inakwenda wapi?"

"Nilidhani utafurahi, Shangazi."

"Sikukuuliza ulidhani nini."

Mchongaji alijiona kuwa wa kwanza kuunyofoa uso ule, Kinyonga akafuata nyayo.

Barua kwa kampuni waliiandika siku hiyohiyo, Shangazi akitamka, yeye akiandika. Ilisema uso ni wa mwenyewe, hakumpa mtu, na anautaka. Chini ya saini ya Shangazi, Mchongaji aliongeza yake, akishuhudia kwamba ridhaa haikuombwa. Alijua anajichongea.

Kampuni, ikiogopa kushtakiwa kwa kutumia sura ya mtu bila ridhaa, iliruka kama iliyoumwa na siafu. Ile hakimiliki ambayo kampuni haikuwa na haja nayo ikaonekana ina meno. Katika wiki moja modi iliondolewa mtandaoni, na mkunga akapewa sura mpya isiyo ya mtu yeyote. Mwanasheria alikwenda kwa Shangazi kuomba radhi, akaishia kizingitini. Nakala zilizokwishapakuliwa zilibaki huko zilikobaki. Kinyonga aliandika kwamba sanaa yake imeuawa, na mamia wakampa pole kana kwamba amefiwa. Mchongaji alizisoma pole zote, akatamani kuoga.

Alipewa barua ya onyo, akahamishiwa kuchonga vitu visivyo na uhai. Hakupinga.

Kwa miezi mitatu Shangazi alipokea salamu zake kwa simu tu. Wa nne alimwita nyumbani, akamwekea chakula, akamwuliza siku hizi anachonga nini.

"Milango, Shangazi."

"Afadhali," alisema, akamsogezea maji ya kunawa. "Mlango hauna ndugu wa kuona aibu."