Nyumba Zilizokwisha Okoka

Basi dogo la kanisa kutoka Seoul lilipokata kona kuingia kijijini Solgol, Bibi Mallye alikuwa barazani tangu saa moja asubuhi, uso kaupaka poda, mahindi ya kuchemsha yanafuka moshi kwenye ungo. Ungemwuliza angekwambia anapunga upepo tu. Upepo wenyewe Agosti ile haukuwepo.

Alikuwa anamsubiri Sebom. Kiangazi kilichopita, vijana wa kanisa hilo walipokuja kuhubiri kwa siku nne, binti huyo mwanafunzi wa uuguzi alipangiwa nyumba yake. Alimkata kucha, akamkunja nywele kwa rola, akamchumia pilipili shamba zima, huku akimwita bibi kwa sauti ambayo wajukuu wa damu huitoa siku wakiwa na shida. Siku ya nne Bibi Mallye akanyoosha mkono kanisani, akasema anaamini. Na aliamini kweli, tusimsingizie. Tangu hapo hajakosa ibada, hata ile Jumapili ya theluji ya magotini.

Sebom alishuka, akamkimbilia, akamkumbatia. "Bibi, umenenepa."

"Ni nguo hii. Njoo ule mahindi, yanapoa."

"Nakuja, bibi. Ngoja kwanza nipangiwe."

Akapangiwa. Kiongozi wao, kijana mrefu aitwaye Gyujin, alikuwa na ramani ya kijiji. Nyumba ambazo hazijaokoka zilizungushiwa duara jekundu. Zilizookoka zilitiwa alama ya bluu, maana yake kazi huko imekwisha. Nyumba ya Bibi Mallye ilikuwa na alama ya bluu safi, imenyooka. Sebom akapelekwa ng'ambo ya ukuta, kwa Bibi Okbun.

Sasa, huyu Okbun. Miaka hamsini walikuwa majirani, wameazimana chumvi na kuliliana misibani, na miaka yote hiyo Okbun alipata kila kitu kwanza: friji, mtoto wa kiume, meno ya bandia. Mwaka huu kapata Sebom.

Siku ya pili Bibi Mallye alipanda juu ya kreti, akachungulia ukutani. Okbun alikuwa amelala kifudifudi mkekani, Sebom anamkanda mgongo.

"Hapo hapo, chini kidogo," Okbun alikuwa akisema. "Na huyo Yesu wako ulisema kazaliwa wapi?"

"Bethlehemu, bibi. Nilikwambia jana."

"Nimesahau. Kanda, huku unanikumbusha." Akainua kichwa. "Dada Mallye, unatafuta nini huko juu?"

"Paka."

"Tangu lini una paka?"

"Ndiyo maana namtafuta."

Okbun akacheka mkekani. "Mtoto huyu ana mikono, dada. Nikimwambia sijashawishika, kesho anarudi. Wewe mwaka jana uliharakia nini?"

Swali lile lilimkwama Bibi Mallye kama mwiba wa samaki. Alifikiria kuacha kanisa kwa siku mbili tu, aweke bakuli la maji uani na kuyaomba kama zamani kabla hajaokoka, ili vijana wamwone. Lakini alikuwa anamwogopa Mungu, na kwa Mungu hata siku mbili zinahesabiwa. Ndipo wazo la pili likamjia, akacheka peke yake jikoni. Kama nyumba ikiokoka Sebom anaondolewa, basi Okbun aokoke. Na aokoke upesi.

Solgol haijapata kuona mwinjilisti mwenye bidii kama yule. Siku ya tatu, kabla Sebom hajafika, Bibi Mallye alikuwa kwa jirani na Biblia yake ya maandishi makubwa.

"Okbun, unaokoka lini?"

"Kuna haraka gani?"

"Una miaka sabini na tisa. Haraka ndiyo hiyo."

"Wewe una themanini na moja."

"Mimi yangu nimeshamaliza. Nikifa leo, safari yangu inajulikana."

Okbun akazungusha bangili mkononi. "Huko mbinguni, dada, utakuwepo kweli?"

"Nitakuwepo."

"Na mimi nikibaki nje, jirani yangu atakuwa nani?"

Bibi Mallye kwa dakika nzima alimsahau Sebom. "Mtu usiyemjua," akasema taratibu. "Pengine hata chumvi hana."

Mchana, wakati wa chakula cha pamoja ukumbini, Okbun alinyoosha mkono. Vijana wakalia, Sebom kuliko wote. Gyujin akatia alama ya bluu. Bibi Mallye akapiga makofi mpaka viganja vikawaka, kisha akakimbilia nyumbani kupasha mahindi.

Sebom hakuja. Siku ya nne alipelekwa kwa Mzee Dolsoe, duara jekundu la mwisho, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Wale bibi wawili wakasimama nje ya uzio wake, wakitazama anavyonyolewa ndevu.

"Yaani nimeokoka ili yule mzee anyolewe," Okbun akasema.

"Usiseme hivyo, ni dhambi." Bibi Mallye akakodoa macho. "Taulo ya moto, unaiona? Mimi sikuwekewa."

"Wala mimi."

Bibi Mallye akasukuma lango. Akaenda moja kwa moja, akaketi kwenye benchi pembeni ya mzee.

"Sebom, mimi nimeokoka, najua. Lakini nina wivu tangu mliposhuka kwenye basi. Siku nne unapita mlangoni kwangu unanipungia mkono kama vile mimi ni kituo cha basi. Mtu akishaamini ndiyo hakandwi tena?"

Gyujin akaitazama ramani. Sebom hakuitazama. Uso ulimwiva, akaweka wembe chini, akaenda nyuma ya bibi yake.

"Na mimi?" akauliza Mzee Dolsoe, povu shavu moja.

"Tulia," Bibi Mallye akamwambia. "Ukishaamini utayaona."

Basi lilikuwa linaondoka saa nane. Mikono ya Sebom ikaanza mabegani, na Bibi Mallye akafumba macho. Nyuma yake akasikia Okbun akiburuta kiti.

"Dada, inatosha. Wengine tunasubiri."

"Bado," akasema. "Kushoto hajafika."