Novena Kwenye Dungu

Mwezi wa tano mwaka jana, mimi Egidius, fundi baiskeli wa Viwanja Sitini na baba yake Fausta, nilikaribia kuwa mtakatifu. Hakuna aliyeniteua, nilijiteua mwenyewe, baada ya mafungo ya siku tatu parokiani. Nilirudi nyumbani natembea taratibu na kuongea kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mgonjwa chumbani. Ukinisalimia, nafumba macho kidogo kwanza ili uone kwamba nilikuwa mbali, kisha najibu.

Mke wangu Marsiana alinivumilia. Naye ni Mkristo, ila sala zake ni fupi, na nyingi huzisali huku anapepeta mchele.

Tulikuwa na shamba la mpunga Namawala, ekari mbili. Masuke yalikuwa yameanza kujaa maziwa, na huo ndio wakati wa kweleakwelea. Kuamia ndege hao, kuwafukuza wasile mpunga, ni kazi ya kutwa nzima, alfajiri mpaka jua lizame, na miaka yote aliifanya Marsiana. Lakini wiki hiyo mama yake aliugua huko Katindiuka, ikabidi aende kumuuguza.

"Baba Fausta, nakuachia mpunga siku mbili tu," aliniambia. "Debe lile pale, kombeo hili hapa. Ukiwasikia, piga kelele."

"Usihofu. Mlinzi ni Mungu."

Akanitazama. "Najua. Ila kombeo nimekupa wewe."

Ilikuwa siku ya sita ya novena ya Roho Mtakatifu, zile sala za siku tisa kabla ya Pentekoste. Nilipanda dunguni, kwenye kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na rozari na kitabu changu cha novena. Debe na kombeo niliviacha chini. Niliona haviendani na sala. Nikafumba macho. Nikamwomba Roho Mtakatifu anishukie kwa ishara, nipate ushuhuda wa kutoa kwenye kikundi chetu cha karismatiki. Nilikuwa namlenga hasa Ignas, ambaye kila Alhamisi shuhuda zake zilikuwa zinanizidi.

Basi nikasikia mvumo. Ulianzia mbali, kama upepo mkali unaokuja. Nywele zikanisimama. Ukakaribia, ukapita juu ya kichwa changu, hewa ikanipiga usoni, kisha ukatua pande zangu zote. Machozi yakanitoka.

"Karibu!" nikasema kwa sauti. "Karibu, ujaze kila mahali!"

Wakajaza kila mahali.

"Baba Fausta! Ndege!" Alikuwa Bi Zena, jirani yetu wa shamba, mama wa Kiislamu wa umri wa mama yangu mzazi.

Nikadhani Shetani anamtumia kunivuruga. Nikainua mkono kumnyamazisha, macho bado nimeyafumba.

"Umekufa, au?" Sasa sauti yake ilitoka ndani ya shamba langu, pamoja na mlio wa debe langu. Nikafumbua macho. Mpunga ulikuwa umegeuka kahawia, na ulikuwa na mabawa. Nilishuka dunguni kwa njia ya kuanguka. Tukakimbia huku na huku tukipiga makelele. Kundi likiinuka huku linatua kule, mpaka mwishowe likaondoka lote kwa pamoja na kuhamia kwa Bi Zena, ambako hapakuwa na mtu, kwa sababu mwenyewe alikuwa kwangu.

Tulipomaliza kuwafukuza huko, jua lilikuwa utosini na sauti imenikauka.

"Nisamehe, Bi Zena," nikasema. "Nilikuwa nasali."

"Hata mimi nasali, mwanangu. Nikimaliza, natazama mpunga."

Marsiana aliporudi alipita pembezoni mwa shamba akiminya masuke matupu kwa vidole. Nilimweleza yote, hata ile "karibu". Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Halafu akalia, maana karibu robo ya shamba ilikuwa imekwenda. Hapo ndipo nilipojiona nilivyo, bila ya ishara yoyote.

Mpaka mavuno niliamia mashamba mawili, letu na la Bi Zena. Nilisali bado, ila kwa sala za mstari mmoja, macho wazi, debe mkononi. Alhamisi niliwasimulia wenzangu kisa kizima. Ignas alicheka kuliko wote, kisha akaniuliza kwa upole kama nina nafasi ya kumwamia na shamba lake.

Tulipovuna, tulikubaliana na Marsiana kwamba gunia la kwanza ni la Bi Zena. Nililifunga kwenye baiskeli, nikampelekea mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zena. Tumekuletea."

"Marahaba." Alifungua gunia, akachota konzi moja, akapuliza. Zaidi ya nusu ikapeperuka. "Mapepe haya, mwanangu."

Alikuwa anasema kweli. Kwa haraka yangu ya kutenda mema nilikuwa nimejaza ule wa upande walioula ndege. Nikageuza baiskeli, nikarudi kuleta mwingine.