Upepeo wa Mama Kanti

Mama Kanti aliamka Jumapili ile na neno moja tu: leo upepeo unashuka.

Mimi ndiye mhudumu wake, hapa Rayners Lane, ughaibuni, na upepeo huo nimeupangusa vumbi muda wote bila kuugusa, maana umefungiwa kwenye fremu ya kioo. Ni wa Kijapani, wa duara. Mpini wake ni mwanzi uliopasuliwa vijiti vyembamba, na juu yake karatasi iliyopigwa chapa kwa ubao wa kuchonga: mwanamke kando ya mto, yote kwa buluu. Marehemu mumewe alimnunulia Yokohama walipokwenda fungate kutoka Kisumu. Alimpa asubuhi, jioni akamnyang'anya. Kitu kizuri hivi, alisema, hakichezewi.

Basi mwenye upepeo hajawahi kuonja upepo wake. Na kesho yake watu wa makumbusho wangekuja kuuchukua. Kanti, mwanawe, alishakubali. Pepeo hizi ni adimu, alitueleza, kwa sababu Wajapani walizitumia kiangazi kimoja zikachakaa, wakazitupa. Zilizobaki ni zile ambazo hazikutumiwa.

"Hizo si pepeo," mama yake akamjibu. "Ni picha zenye mpini."

Siku hiyo joto lilikuwa halisemeki. Nyumba za huku zimejengwa kwa ajili ya baridi. Jua likiwaka, unaiva humo humo. Nilimwashia feni ya umeme. Akaizima.

"Shiro, nishushie ile fremu."

"Mama Kanti, nitafutwa kazi."

"Kweli. Basi kaa hapo, usiguse kitu."

Akainuka kwa mkongojo, akaitoa fremu msumarini, akaketi nayo mapajani. Vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi. Kijiko cha chai alichokitumia kuifungulia kilimponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena, naye anang'ang'ana na vishikizo vya nyuma ya fremu. Nikaikalia mikono yangu isije ikaniponza. Niliomba Mungu afaulu, nikaomba na Kanti asije. Ombi la kwanza lilijibiwa.

Kanti aliingia ametota jasho la treni. Akaona fremu tupu sakafuni na upepeo mkononi mwa mama yake. Mbele yangu huongea Kiswahili, kwa adabu tu. Alikitoa Kisumu akiwa mtoto, na hakijakua tangu hapo.

"Mama, wacha hiyo. Itaharibika. Mimi nakasirika sana."

"Keti."

"Mama, watu wanakuja kesho."

"Ulipougua surua nilikupepea kwa gazeti usiku kucha, na kitu hiki kiko ukutani kinanitazama. Nilikichukia siku ile, si wewe, hiki. Keti, Kanti."

Akaketi chini, miguuni pake. Mama akapepea. Mara ya kwanza karatasi ililia. Mara ya pili ikachanika, mwanamke huku, mto kule. Kanti akafumbua mdomo aseme, upepo ukampata usoni, akaufumba.

Mama Kanti hakusita. Vipande vya buluu vilimwangukia mwanawe mabegani, na yeye, mtu mzima mwenye wajukuu, akalaza kichwa kwenye goti la mama yake. Nilitazama dirishani, machozi yasinitoke kazini.

"Mama," nikamsikia, "na hapa shingoni."